Mustang ya 1964 na jinsi ilivyouzika kama njugu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukigusa tu habari za Ford Mustang haya maswali yanakuja, mengine ya watu walioanza kupenda gari juzi juzi, mengine ya wale wanaozijua mpaka nati lakini historia imewachanganya. Nimejikita kwenye miaka ya mwanzo tu, 1964 mpaka 1966, maana hapo ndipo maajabu yalipotokea na hapo hapo ndipo stori nyingi zinapopindishwa.

Mustang ilitoka lini hasa?

Uzinduzi rasmi ni Aprili 17, 1964, New York, kwenye viwanja vya maonyesho ya dunia pale Flushing Meadows, Queens. Maonyesho yenyewe yalifunguliwa kwa watu siku tano baadaye, Aprili 22, kwa hiyo Ford walishawahi vichwa vya habari kabla ya kila mtu. Kiwandani zilianza kutengenezwa Machi 9 mwaka huo huo, Dearborn, Michigan, wakazirundika kwanza ili siku ya siku ikifika watu wazikute shorumu nchi nzima, siyo mtu anaona tangazo kwenye TV halafu akienda dukani anaambiwa rudi mwezi ujao.

Na pale kwenye maonyesho banda la Ford lilikuwa na kitu ambacho mimi nakipenda sana: watu wa Walt Disney walitengeneza safari ya kuzungushwa ndani ya banda, unakaa kwenye gari halisi ya Ford iliyofunuliwa paa, inasukumwa yenyewe kwenye njia yake unapita katikati ya madinosaria na watu wa mapangoni, na baadhi ya gari hizo zilikuwa Mustang mpya kabisa. Yaani mtu alikuwa ameshakaa ndani ya Mustang kabla hata hajafikiria kununua.

Ni kweli siku ya kwanza tu ziliagizwa 22,000?

Ndiyo, hiyo ndiyo namba Ford wenyewe wanayoitaja miaka yote, oda 22,000 siku moja. Usiku wa kuamkia uzinduzi, Aprili 16, walinunua muda kwenye vituo vyote vitatu vikubwa vya TV Marekani, ABC, CBS na NBC, tangazo likarushwa kote karibu muda ule ule, na kumbuka enzi hizo hakuna chaneli mia, ukiwasha TV ni hizo tatu basi, kwa hiyo huna pa kukimbilia. Wiki hiyo hiyo magazeti ya Time na Newsweek yote mawili yakamuweka Lee Iacocca wa Ford kwenye jalada, kitu ambacho hata rais anakipata kwa nadra.

Kuna visa vinavyosimuliwa vya siku zile, kwamba Seattle dereva wa lori alikodolea macho Mustang iliyokuwa dirishani akaingia na lori mpaka ndani ya shorumu, na kwamba Garland, Texas, watu walipandishiana bei gari moja iliyobaki mpaka aliyeshinda akalala ndani ya gari usiku kucha ili isiuzwe kwa mwingine wakati cheki yake inasubiri kupita. Visa hivi Iacocca mwenyewe alipenda kuvisimulia, na yeye alikuwa muuzaji, kwa hiyo vichukue na chumvi yake. Ila zile oda 22,000 zinatosha kukuonyesha hali ilivyokuwa.

Kwani ilikuwa na nini mpaka watu wakachizika vile?

Hili ndilo swali lenyewe, na jibu ambalo wengi wanalitarajia, kwamba ni nguvu ya injini, siyo. Mustang ya kwanza kabisa ya bei ya chini ilikuwa na silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, inchi za ujazo 170, hosipawa 101. Hiyo haimtishi mtu, hata mwaka 1964 haikumtisha mtu.

Kilichotokea ni watoto. Vita Kuu ya Pili ilipoisha wanajeshi wakarudi Marekani, wakaoa, kuanzia 1946 wakazaliwa watoto wengi kuliko wakati wowote kabla ya hapo. Fanya hesabu, wa 1946 anafikisha miaka 18 mwaka 1964. Ghafla nchi imejaa vijana, wengi wako vyuoni au wameanza kazi, na hawataki gari ndefu la baba lenye siti ya benchi na gia ya kwenye usukani. Halafu kuna familia zilizoanza kutaka gari ya pili, na wanawake wengi wanaofanya kazi ambao wanataka gari yao wenyewe, ya kuendeshwa bila kuhangaika. Ford walifanya utafiti wakaliona hilo kundi lote limesimama na hela mkononi na hakuna mtu anayewauzia kitu.

Na walikuwa na mfano mbele yao kutoka kwa mshindani. Chevrolet walikuwa na Corvair, gari ya injini nyuma ambayo haikuwa ikitisha sokoni, lakini walipotoa toleo la Monza lenye siti za mtu mmoja mmoja na gia ya sakafuni, mauzo yakapanda. Hesabu ikawa wazi kwa watu wa Ford: vijana wananunua muonekano na hisia, na hisia siyo lazima iwe ghali.

Kwa hiyo wakatengeneza gari yenye boneti ndefu na mkia mfupi, siti nne, siti mbili za mbele zikiwa za kumkumbatia mtu, gia sakafuni, kapeti, vifuniko vya rimu, dashibodi yenye sponji, na vyote hivyo vimo kwenye bei ya chini kabisa. Hapo ndipo waliwaua wenzao. Kwa kampuni nyingine vitu hivyo ulikuwa unalipia ziada.

Bei yake ilikuwa shilingi ngapi, na mtu wa kawaida aliimudu?

Dola 2,368 kwa ile ya paa la bati. Kwa thamani ya sasa hivi ni kama dola 24,000 hivi. Familia ya katikati Marekani mwaka ule ilikuwa inaingiza kama dola 6,600 kwa mwaka mzima, kwa hiyo ni kama theluthi moja na kidogo ya kipato cha mwaka, na mikopo ya gari ilikuwepo. Mwalimu wa shule aliimudu, karani aliimudu, fundi wa kiwandani aliimudu, na ndio waliozinunua.

Lakini angalia ujanja wenyewe ulipo. Hiyo 2,368 ilikuwa bei ya kukuingiza mlangoni. Ukishaingia unapewa orodha ndefu ya vitu vya kuongeza: V8, yaani injini ya silinda nane, badala ya silinda sita, gia nne badala ya tatu au otomatiki, pawa stelingi, redio, kiyoyozi, matairi yenye mstari mweupe, breki za diski mbele (hizi zilikuja baadaye kidogo), kile kisahani cha mzunguko wa injini na saa vinavyofungwa pembeni pembeni ya nguzo ya usukani, rangi unayoitaka wewe. Watu wawili wanaweza kutoka shorumu ile ile na Mustang mbili zisizofanana hata kidogo, mmoja ana gari ya kwendea sokoni, mwingine ana gari ya kuchomea matairi, na kila mmoja anaona ametengenezewa yeye. Wanunuzi walikuwa wanaongeza kama dola 1,000 kwa wastani juu ya bei, na faida ya kampuni iko humo kwenye nyongeza kuliko kwenye gari tupu. Iacocca aliandika kwamba miaka miwili ya kwanza Mustang iliwaingizia faida ya dola bilioni 1.1. Bilioni, za miaka ya sitini.

Kwangu mimi hii orodha ya nyongeza ndiyo uvumbuzi mkubwa kuliko hata ile sura nzuri, maana sura nzuri wengine walikuwa nayo.

Nasikia ni Falcon tu iliyovalishwa nguo. Kweli?

Kweli, na siyo tusi. Ford Falcon ilitoka mwishoni mwa 1959, gari ndogo, ya kiuchumi, isiyo na mbwembwe, kazi ya Robert McNamara, mtu wa hesabu kali (huyu ndiye McNamara yule aliyekwenda kuwa waziri wa ulinzi wa Kennedy, halafu akawa rais wa Benki ya Dunia kuanzia 1968 mpaka 1981, kwa hiyo wazee wetu huku wanalijua jina). Mustang ilichukua kutoka Falcon karibu kila kitu usichokiona: sakafu, injini, gia, springi za duara mbele na springi za bapa nyuma kama za pikapu, ekseli. Hata mpangilio wa geji za kwenye dashibodi ya 1965 ni wa Falcon, ukizijua zote mbili unaugundua hapo hapo, wakaja kuubadilisha 1966 wakaweka visahani vitano vya duara.

Faida yake ni hela. Kutengeneza gari mpya kabisa kuanzia mwanzo enzi hizo ilikuwa mamia ya milioni za dola, Mustang kwa maelezo ya Iacocca iliwagharimu milioni 75. Na Ford walikuwa na kidonda bado kibichi, gari iliyoitwa Edsel waliyoitoa Septemba 1957 wakaifuta Novemba 1959 baada ya kupoteza kama dola milioni 250. Henry Ford II, bosi mkuu wa kampuni, hakutaka kusikia habari za kujaribu tena bahati na gari jipya, alikataa zaidi ya mara moja. Kwa hiyo ile kusema "bosi, chini yake ni Falcon, vyuma tunavyo tayari" ndiyo iliyofungua mlango, akaidhinisha Septemba 1962. Bila Falcon hakuna Mustang, na wanaomdharau Falcon wanakata mguu waliousimamia.

Iacocca ndiye aliyeibuni?

Aliisukuma, akaipigania kwa mabosi na akaiuza. Kuichora hakuichora. Alikuwa meneja mkuu wa kitengo cha Ford tangu mwishoni mwa 1960, umri miaka 36, akakusanya watu wachache wakawa wanakutana usiku nje ya ofisi, kwenye hoteli ya Fairlane Inn pale Dearborn, ili wakubwa wasisikie mapema. Ndani ya hilo kundi kulikuwa na Donald Frey aliyesimamia kazi ya uhandisi na mpango wa bidhaa na Hal Sperlich ambaye ndiye hasa aliyeshikilia wazo la kutumia vyuma vya Falcon. Kwenye uchoraji, studio kadhaa za kampuni zilishindanishwa, majira ya joto 1962, wakapewa wiki chache tu, mifano ya udongo ikapangwa Agosti, ikashinda ya studio ya Joe Oros, na mchoro wa awali ulikuwa wa Gale Halderman. Zile alama za pembeni, ule mkato unaoanzia nyuma ya tairi la mbele mpaka karibu na tairi la nyuma kama tundu la kuingizia hewa, zimo tangu mwanzo.

Kuna kitu kimoja Henry Ford II alikiomba alipokwenda kuikagua, alikaa siti ya nyuma akasema iongezwe inchi moja ya nafasi. Wachoraji hawakupenda, maana inchi moja inaharibu mstari, lakini bosi ni bosi, ikaongezwa.

Na jina Mustang limetoka wapi, ndege au farasi?

John Najjar, mmoja wa wachoraji, alikuwa mpenzi wa ile ndege ya kivita P-51 Mustang na ndiye aliyelipendekeza kwa gari ya majaribio ya 1962. Wengine ndani ya kampuni walilipitisha kwa sababu ya farasi wa mwituni wa Marekani. Nembo ikawa farasi, kwa hiyo farasi alishinda. Mfano wa udongo ulioshinda ulikuwa unaitwa Cougar, na jina hilo halikupotea, lilikuja kupewa gari ya Mercury, chapa nyingine ya Ford, mwaka 1967.

Usichanganye na ile Mustang I iliyoonyeshwa Watkins Glen Oktoba 1962 ikiendeshwa na Dan Gurney. Ile ilikuwa ya siti mbili, injini ya V4 katikati, kitu cha maonyesho. Washabiki wa spoti waliipenda sana, na Iacocca akaangalia waliokuwa wanaishangilia akasema hao siyo wengi wa kutosha. Siti nne zikabaki.

Ilikuwa na injini gani na gani?

Mwanzoni kabisa: silinda sita 170 ya hosipawa 101, V8 ya 260 yenye 164, na V8 ya 289 yenye kabureta ya midomo minne, 210. Katikati ya 1964 ikaongezwa 289 ya nguvu ya juu yenye hosipawa 271, hii ndiyo wanaoitafuta wenye hela leo. Kuanzia karibu Agosti 1964 wakabadilisha, 170 na 260 zikaondoka, silinda sita ikawa 200 yenye hosipawa 120, na 289 zikawa za 200, 225 na ile ile ya 271. Hesabu hizi ni za namna walivyopima enzi hizo, injini tupu bila feni na mzigo mwingine, kwa hiyo usizilinganishe moja kwa moja na gari ya leo.

Basi hiyo ya kwanza ni gari ya misuli kweli au tunaiita tu?

Ukiwa mkali, siyo. Gari ya misuli kwa maana ya enzi ile ni kuchukua bodi ya kati na kuibamiza injini kubwa, na mwaka ule ule 1964 Pontiac walifanya hivyo na GTO, V8 ya inchi 389, hosipawa 325. GTO iliuzwa 32,450 mwaka wa kwanza, na kwa gari ya namna ile ni mafanikio makubwa, lakini Mustang ilikuwa kwenye ligi nyingine kwa idadi. Mustang ilianzisha kundi lake, gari ndogo zenye boneti ndefu, Wamarekani wakaziita za poni.

Misuli ilikuja taratibu. 1967 wakaipanua boneti ikapokea injini ya 390, 1968 ikaja 428 Cobra Jet, 1969 Mach 1 na zile Boss 302 na Boss 429. Hapo sasa usibishane na mtu.

Vipi Shelby GT350?

Carroll Shelby, mkimbiaji wa Texas aliyeshinda Le Mans 1959, aliombwa na Ford aifanye Mustang iheshimike kwenye mashindano. Alichukua zile za mgongo wa kuteremka, yaani paa linaloshuka moja kwa moja mpaka mkiani, nyeupe, akatoa siti ya nyuma, akaifungua 289 mpaka hosipawa 306, akashusha na kukaza sehemu ya mbele, breki kubwa. Za 1965 zilikuwa 562 tu. Kibiashara ni tone, lakini yule kijana mwenye silinda sita nyumbani alikuwa anaona ndugu wa gari yake inashinda Jumapili, na Jumatatu anajivunia gari yake. Mwaka 1966 kampuni ya kukodisha magari ya Hertz ikachukua kama elfu moja, nyingi nyeusi na mistari ya dhahabu, mtu anakodi wikiendi.

Na kabla ya Shelby Ulaya walishaonja. Septemba 1964 Mustang zilichukua nafasi ya kwanza na ya pili kwenye daraja la gari za kawaida katika Tour de France ya magari, ya kwanza wakiwemo Peter Procter na Andrew Cowan. Huyu Cowan watu wa Safari Rally wanamjua vizuri, ingawa alijulikana zaidi kwa mbio ndefu kama London hadi Sydney ya 1968 aliyoshinda.

Plymouth Barracuda si ilitangulia?

Ilitangulia, wiki mbili na siku kidogo, Aprili 1, 1964. Wapenzi wa Mopar, yaani magari ya kampuni ya Chrysler yenye Plymouth, hawaachi kukumbusha, na wana haki. Ilijengwa juu ya Plymouth Valiant, na kioo cha nyuma kilikuwa kikubwa kuliko cha gari yoyote. Tatizo ukisimama mbele yake bado unaiona Valiant, uso ule ule. Mustang ukisimama mbele yake huioni Falcon hata ukiambiwa. Mwaka wa kwanza Barracuda iliuza 23,443.

General Motors ndio walilala. Chevrolet Camaro ilifika Septemba 1966, Pontiac Firebird mwanzoni mwa 1967, yaani Ford walikula peke yao mezani zaidi ya miaka miwili.

Kwa jumla ziliuzwa ngapi?

Makadirio ya mwanzo yalikuwa kama 100,000 kwa mwaka. Dearborn peke yake haikutosha, miezi michache baadaye San Jose, California nayo ikaanza kuzitengeneza, na Metuchen, New Jersey ikafuata 1965. Rekodi ya Ford ya gari mpya mwaka wa kwanza ilikuwa ya Falcon, 417,174. Iacocca akaweka lengo la 417,000 kabla ya Aprili 17, 1965, tarehe ambayo Wamarekani wanaiandika mwezi kwanza, 4/17, ndiyo kaulimbiu ya "417 by 4/17" ikatoka hapo. Siku ilipofika hesabu ilikuwa 418,812. Mtoto amemshinda mama kwa magari yasiyofika elfu mbili.

Machi 1966 ikafika milioni moja. Modeli ya 1965 ikihesabiwa pamoja na zile za mwanzo za 1964 ni 680,989, na ya 1966 ni 607,568. Hakuna mwaka mwingine wa Mustang uliofika hapo tena mpaka leo. 1967 zikashuka mpaka 472,121, 1968 mpaka 317,404, washindani wamefika na gari yenyewe inanenepa.

Nani alinunua ya kwanza kabisa?

Ile yenye namba ya mwisho 100001, nyeupe, ya kufunua paa, iliuzwa Kanada, St. John's, Newfoundland, kwa rubani wa ndege, siku chache kabla ya ruhusa. Ilikuwa ya maonyesho tu, haikutakiwa kuuzwa, lakini muuzaji hakuelewa au hakutaka kuelewa. Ford wakamuomba airudishe, akagoma, akaiendesha kama maili 10,000, mpaka 1966 walipompa badala yake Mustang ambayo wenyewe wanasema ni ya milioni, iliyojazwa nyongeza anazozitaka. Ya kwanza sasa iko makumbusho ya Henry Ford, Dearborn.

Ile ya kupandishwa juu ya Empire State ni kweli?

Kweli, Oktoba 1965. Gari ilikatwa vipande vinavyoingia kwenye lifti, ikapandishwa ghorofa ya 86, ikaunganishwa usiku na kuwekwa pale juu kwa ajili ya picha. Mafundi walipima milango ya lifti kabla ya kugusa msumeno.

Kwa nini za Ujerumani zimeandikwa T-5?

Kampuni ya Krupp ilikuwa na haki ya jina Mustang kwa malori yake. Ford hawakutaka kulipia, wakaziuza kule kwa jina T-5 mpaka mwisho wa miaka ya sabini.

Mbona huku Afrika Mashariki hatuzioni za zamani?

Usukani. Sisi tunaendesha kushoto mwa barabara, usukani uko kulia, na Ford hawakutengeneza Mustang ya usukani wa kulia kiwandani mpaka ile ya 2015. Miaka ya sitini Australia walibadilisha kama 200 wenyewe, lakini huku soko lilikuwa la Peugeot, Volkswagen, Land Rover na Ford za Uingereza.

Ila damu ya Mustang ilifika. Pasaka ya 1964, wiki chache kabla ya uzinduzi wa New York, Ford Marekani walileta Mercury Comet sita kwenye East African Safari, na Comet ni ndugu wa Falcon, kwa hiyo ni shangazi wa Mustang. Mvua na matope yakazila. Zilimaliza mbili, moja mikononi mwa Joginder Singh wa Kenya, ambaye mwaka uliofuata alishinda Safari na Volvo iliyotumika. Na mshindi wa 1964 alikuwa Ford pia, lakini Cortina GT ya Peter Hughes, gari ndogo ya Uingereza iliyojua barabara zetu.

Hizo za mwanzo zilikuwa na kasoro gani?

Zipo, na tuzitaje. Breki za dramu pande zote kwenye nyingi, ukiteremka mlima mrefu zinachoka. Stelingi ya kawaida unazungusha mpaka mkono uchoke. Nyuma mtu mzima anakaa kwa shida hata na ile inchi ya Henry Ford. Tangi la mafuta sehemu yake ya juu ndiyo sakafu ya buti, ukigongwa nyuma kwa nguvu hakuna cha kukutenganisha nalo zaidi ya mgongo wa siti. Na kutu, hasa chini ya kioo cha mbele pale penye matundu ya kuingiza hewa ndani ya gari, maji yanapopitia, panaoza kimya kimya halafu siku moja maji yanakudondokea miguuni. Ukiikagua ya kununua mwagia maji hapo kwanza kabla hujaangalia rangi.

Nitajuaje kama ni ya 1964 na nusu au ya 1965?

Kikaratasi zote ni 1965, Ford hawakuwahi kutoa modeli rasmi ya 1964 na nusu, ni watu tu wanaziita hivyo zile zilizotengenezwa kati ya Machi na karibu Agosti 1964. Fungua boneti. Ya mwanzo ina jenereta, na kwenye dashibodi taa ya chaji imeandikwa GEN. Ya baadaye ina altaneta, taa imeandikwa ALT. Hii ndiyo alama ya kuaminika kuliko zote, ingawa gari ya miaka sitini fundi yeyote anaweza kuwa ameshabadilisha, kwa hiyo usiishie hapo.

Soma namba ya gari. Mfano 5F08F100001: 5 ni modeli ya 1965, F ni kiwanda cha Dearborn (R ni San Jose, T ni Metuchen), 08 ni ya kufunua paa, 07 ya paa la bati, 09 ya mgongo wa kuteremka, herufi inayofuata ni injini, halafu namba za mfululizo zinazoanzia 100001. Kwenye injini, U ni ile 170, F ni 260 na D ni 289 ya mwanzo, ukiona moja ya hizo tatu uko na ya mwanzo. T, C na A ni za baadaye. K ni ile ya hosipawa 271 na ipo pande zote mbili, na kwa sababu ya bei yake ndiyo inayoghushiwa kuliko zote. Na mtu akikuambia ana ya mgongo wa kuteremka ya 1964 na nusu, hizo zilianza baada ya mabadiliko ya Agosti, kwa hiyo mwambie akusomee namba, herufi kwa herufi.